Kikohozi Alichopewa Nailantei

Ukitaka kumkasirisha Naeku, lowesha manyoya yake. Mambo mengine atakusamehe. Utamrudishia taji la bibi arusi likiwa limepinda, atalinyoosha. Utakaa na vitambaa vya meza siku mbili zaidi, atanung'unika kisha akupe chai. Lakini zile skafu ndefu za manyoya, zile wasichana huzungusha shingoni siku ya bridal shower wakapiga picha wakibinua midomo, hizo ana sheria zake na huzisoma kwa kila mteja kama matangazo ya kanisa: usipulize marashi, usishike na mikono ya mafuta, na ukisikia kulia, vua kwanza. Unyoya ukilowa hujikunja, na ukikauka hubaki umeshikana kama kuku aliyenyeshewa. Nani Kitengela atakodisha kuku aliyenyeshewa?

Wenye maduka ya jumla kule Nairobi huziita boa. Siku moja mteja alimweleza kwamba hilo pia ni jina la joka la ng'ambo linalojizungusha kwa mnyama na kumkaba mpaka pumzi iishe, jamaa wa chatu wetu. Naeku alicheka na kusema basi yeye anafuga nyoka kumi na wawili dukani, na wote wanalipiwa. Alikuwa mtu wa kucheka kwa urahisi. Biashara yake ya kukodisha mapambo ya harusi ilikuwa inaenda, mume wake Felix alikuwa wakala wa forodha Namanga na alirudi nyumbani Ijumaa, na binti yao wa kwanza, Soipan, alikuwa amepata mchumba. Mtu aombe nini tena?

Tuseme ukweli wake wote, maana hakuna haja ya kumpaka mtu mafuta. Naeku alizaliwa mbali na lami, upande wa Bissil, na mama yake Nailantei hakuwahi kuingia darasani. Naeku alipoenda shule ya bweni, siku ya kwanza ya wazazi kutembelea, Nailantei alipanda lori la ng'ombe, akashukia langoni na vumbi lake na shanga zake. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate utosini, polepole, akimtajia Enkai, Mungu wao, mambo mema. Kwa Wamaasai mate ya mkubwa ni maombi. Amekupa kitu kilichotoka ndani yake mwenyewe, na hakiuzwi dukani. Wasichana wa mjini waliokuwa pale walicheka, mmoja akauliza kama mama anamwosha nywele. Naeku alicheka nao. Muhula uliofuata alimwambia mama yake kwamba siku za kutembelewa zimeondolewa, mwalimu mkuu amekataa. Nailantei alisema sawa.

Sikilizeni, Naeku hakulikana kabila lake. Jumapili ya utamaduni kanisani alivaa shuka na mkufu kuliko wote, na picha akaweka kwenye simu. Ila alipenda Umaasai wenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Miaka ishirini na tano Kitengela, amekaa na Wakikuyu, Wakamba, watu wa kila mahali, amejifunza kusalimia kwa Kikuyu, "wĩ mwega", bila kigugumizi, na akajenga jina la mwanamke nadhifu ambaye nyumbani kwake unaweza kula sakafuni. Jina hilo alilishika kwa mikono miwili.

Ndipo Soipan akaleta Ngigi, na Ngigi akaleta mama yake.

Mama yake aliitwa Waruguru, mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa kukaa wima na kusema maneno machache. Naeku alimwogopa tangu siku ya kwanza, na hakuna kitu kibaya mama huyo aliwahi kumfanyia. Alimwogopa tu, vile mtu huogopa mwalimu hata akiwa hadaiwi kazi ya nyumbani. Bridal shower ilipopangwa, Jumamosi mchana, sebuleni kwake mwenyewe, Naeku alifua mapazia mara mbili. Alitoa skafu mpya kabisa, nyeupe, ambayo haijawahi kukodishwa, ili binti yake awe wa kwanza kuivaa.

Nailantei hakuwa kwenye orodha. Naeku alisema atamwambia, kisha akasema njia ni mbaya, kisha akasema hizi ni sherehe za vijana, mama atachoka. Soipan alisikiliza hayo yote, halafu akampigia koko wake, yaani nyanya yake, simu yeye mwenyewe.

Mama mzee alifika saa nane, ameshika kibuyu cha maziwa. Mabinti wa Bissil walikuwa wamemsindikiza mpaka barabarani, na makanga mmoja mwenye adabu akamshusha mlangoni karibu. Waruguru alisimama kumpa kiti. Wanawake wanane aliokuja nao wakamsalimia kwa mkono, na Phylis, rafiki ya Soipan aliyekuwa anaongoza sherehe, akamwinamia akisema "takwenya, koko," naye akaitikia "iko" na kumshika kichwa. Naeku alimkaribisha mama yake vizuri. Alimkalisha karibu na mlango, akajiambia ni kwa sababu ya hewa.

Mambo yalienda vizuri. Watu walikula, wakacheza, kila mama akasimama na kumpa bibi arusi neno. Waruguru alisema msikilizane, na mkikosana msilale bila kuongea, akaketi. Kisha Phylis akasema, "Sasa koko naye atubarikie bibi arusi wetu."

Nailantei alijikokota kutoka kitini. Aliongea kwa Kimaasai, sauti yake ndogo lakini haitetemeki, akaomba Soipan awe na ng'ombe na watoto na amani, na apendwe na watu wa nyumba anayoenda. Soipan alijua la kufanya. Alipiga magoti kwenye zulia na kuinamisha kichwa, skafu nyeupe ikiwa imemzunguka shingo mara mbili. Mama mzee akamshika mabega, akakusanya mate.

Naeku aliona manyoya. Ndivyo alivyojiambia baadaye, kwa siku tano nzima: niliona manyoya, mkono ukaenda wenyewe. Lakini mkono hauendi wenyewe, na kabla ya kuona manyoya alikuwa ameona uso wa Waruguru ukiangalia. Aliinuka, akashika ncha ya skafu, akavuta. Soipan alivutwa nayo shingo, akayumba upande, na mate ya koko wake yakaanguka kwenye zulia.

Naeku alichomoa karatasi za kufutia mikono mezani, akachuchumaa, akafuta. Akiwa bado chini, akasikia mdomo wake ukisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuchangamka, "Poleni sana, wageni. Mama ako na kikohozi. Ni hili vumbi la barabara."

Ai, Naeku.

Nailantei alielewa Kiswahili vizuri kuliko watu walivyodhani. Ameuza maziwa Kajiado sokoni miaka thelathini. Alimwangalia binti yake aliyechuchumaa akifuta zulia. Alimwangalia muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka tano. Kisha akaweka ngumi mdomoni, akakohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mabega yakatingishika, akaonyesha kwa mkono kwamba asamehewe, akarudi pale mlangoni.

"Pole, mama," wanawake wakasema. "Pole sana. Mpeni maji." Mmoja akaenda jikoni kuchemsha tangawizi. Nailantei aliinywa yote, na tangawizi haipendi. Na kwa saa mbili zilizobaki, keki ikikatwa, zawadi zikifunguliwa, mama huyo wa miaka sabini na nne alikohoa kila baada ya dakika chache, kwa uangalifu, ili mtu yeyote asiseme kwamba binti yake ni mwongo. Naeku alisikia kila kikohozi. Alikuwa anagawa soda huku anatabasamu, na ndani anatamani zulia limmeze.

Wageni walipoondoka na mama mzee akarudishwa kwao, Soipan alivua skafu na kuiweka mezani. Ilikuwa kavu kabisa.

"Mum, koko hana kikohozi."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Naeku alisema kitu kuhusu manyoya, kuhusu vile hayafuliki. Soipan alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Msichana huyu ni muuguzi, huwa hapandishi sauti.

"Sitatoka hapa siku ya harusi kama koko hajanibariki," alisema. "Nimekwambia mapema usije ukaniambia ni mambo ya dakika ya mwisho. Ngigi nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba naweza kuchelewa."

Zilibaki wiki tatu. Naeku alimpigia mama yake kesho yake, akauliza hali ya ng'ombe, hali ya maji, kisha akagusia, kwa wepesi, kwamba siku ya harusi aje mapema ili ambariki mtoto kabla wakwe hawajafika. Unaona ujanja wake. Nailantei akamjibu kwa upole kwamba kikohozi bado. Akipona atakuja. Mgonjwa habariki mtu.

"Yeyo, mama, si unajua huna..."

"Wewe ndiye ulisema niko nacho," mama yake akasema, na akamwuliza kama mvua imenyesha Kitengela.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini kabla haijaisha ina watu wengi wema. Wiki hiyo wanawake wa sherehe walipiga simu mmoja mmoja kumjulia hali mgonjwa. Phylis alileta dawa ya majani kwenye chupa. Waruguru naye alimtuma Ngigi na mtungi wa asali, na maneno kwamba mama apewe na ndimu asubuhi. Naeku alipokea kila kitu na kusema asante, anaendelea vizuri, anaendelea tu vizuri. Vitu vilijipanga kwenye kabati lake la jikoni. Kila alipofungua kutoa sukari vilimwangalia, na ikafika mahali akaanza kunywa chai bila sukari.

Siku ya tano alipiga moyo konde, akapanda gari la Kajiado. Wamaasai wakienda kuomba msamaha hushika nyasi, na mtu aliyeshika nyasi hapigwi wala hafukuzwi. Sasa mwaka huo mvua ilikuwa imekataa, na kutoka Isinya mpaka Bissil hakukuwa na jani bichi hata la kumdanganyia mbuzi. Naeku alikuwa ameling'amua hilo mapema. Aling'oa nyasi zake kwenye bustani ya kituo cha mafuta Kitengela, zile zinazomwagiliwa kwa mpira, na mlinzi akamwuliza kama ana sungura. Alisema ndiyo. Uongo mwingine huo, mdogo, lakini alijisikia vibaya nao njia nzima.

Alimkuta Nailantei ameketi kivulini mwa nyumba yake, anatunga shanga. Naeku alipiga magoti kwenye mavi makavu ya mbuzi, na gauni lake la maana, akanyoosha ile konzi ya nyasi.

"Hizi ni za wapi?" mama yake akauliza akizishika. "Ni laini."

"Za petroli."

Nailantei karibu acheke. Alizipokea, akaziweka kwenye mapaja. Naeku alipoona zimepokewa alianza kulia, akasema yote, kwamba aliona aibu, kwamba haikuwa manyoya, kwamba aliona aibu ya mama yake mbele ya wale watu, na sasa anaona aibu ya hiyo aibu. Akasema na habari ya siku za kutembelewa shuleni, kwamba hazikuwa zimeondolewa.

"Hiyo nilijua," Nailantei akasema. "Mama ya Nashon, jirani yetu, alikuwa anaenda shuleni kuona msichana wake kila muhula. Alikuwa ananiambia umenenepa."

Naeku hakuweza kuinua uso. Miaka thelathini na zaidi amefikiri siri ni yake, kumbe mama yake alikuwa anamsaidia kuibeba.

Jirani mmoja alitokea upande wa zizi wakati huo, mwanamke wa makamo, akawasalimia na kuuliza kifua kinaendeleaje. Habari ilikuwa imefika mpaka huku. Nailantei aliweka ngumi mdomoni na kukohoa mara mbili, sawasawa na siku ile. "Kinapungua," akasema. Jirani akasema pole, akapita na mbuzi wake.

"Kwa nini unakohoa, yeyo?" Naeku akamwuliza. "Hapa ni kwako."

"Sasa nifanye nini? Binti yangu amewaambia watu niko mgonjwa. Nikionekana mzima, wewe utaonekana nini?" Alifuta mikono yake kwenye shuka. "Mimi sina hasira na wewe. Nyasi nimechukua. Lakini maneno hayo hukusema hapa jikoni kwangu, ulisema mbele ya wakwe. Nikija siku ya harusi nimshike mtoto kichwa, wale watu wataona mama mwenye kikohozi anamtemea bibi arusi ugonjwa. Watakuwa na haki ya kuchukizwa. Wewe ndiye ulinipa hiki kikohozi, na mimi siwezi kukitoa."

Basi. Naeku alielewa alikotakiwa kwenda, na ndiko mahali pa mwisho duniani alikotaka kwenda.

Kamati ya harusi ilikutana Jumatano iliyofuata alasiri nyumbani kwa Waruguru. Walikuwa wanawake sita na daftari. Walijadili hema, wakajadili mchele, na Naeku aliachia kila jambo lipite akisema moyoni, baada ya hili. Walipofika kwenye mengineyo, Waruguru mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Na mama anaendeleaje?"

Naeku alisimama. Hakukuwa na haja ya kusimama, lakini alisimama, vile mtoto wa shule husimama.

"Mama yangu hakuwa na kikohozi," alisema. "Hajawahi kuwa nacho. Siku ile alikuwa anambariki Soipan, kwetu tunabariki hivyo, na mate. Mimi niliona mtatudharau. Nikavuta mtoto, nikamsingizia mama ugonjwa. Yeye akakohoa ili nisiaibike. Nimekula na kunywa dawa zenu za bure, mnisamehe." Kweli alisema hivyo, "nimekula na kunywa," ingawa hakuwa amegusa kitu. Maneno yalikuwa yamemwishia.

Wanawake waliangalia daftari. Waruguru alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mama Soipan, kaa," alisema. "Mimi nilijua."

Naeku hakukaa.

"Cucu, nyanya yangu, alikuwa akitubariki anajitemea kifuani na mikononi, halafu anatupaka. Wazee wetu wote walifanya hivyo. Nilipoona mama anakusanya mate, nilitoa kitambaa kichwani kwa heshima, nikasema moyoni, kumbe mtoto wangu ataoa mahali bado pako na wazee wa kubariki. Nilikuwa nawaangalia kwa furaha. Halafu wewe ukavuta. Nikafikiri ni sisi hamtaki tupate hiyo baraka, kwa sababu si Wamaasai. Nilienda nyumbani nikiwa nimeumia. Nikatuma asali nione kama utasema kitu."

Fikiria hapo. Mtu amemdhalilisha mama yake ili kumficha na macho ya mtu fulani, na macho hayo yalikuwa yamekuja kutafuta kitu kile kile. Naeku alikaa. Alisema "pole" mara kadhaa, na Waruguru akamsogezea chai na kusema wamalize mambo ya usafiri.

Asubuhi ya harusi Nailantei alikuja. Alikuja mzima, na hakuna aliyemuuliza habari za kifua, maana wanawake sita wanatosha kuusambaza ukweli mji mzima kabla ya jua kutua. Wakwe walifika na nyimbo zao, wakajaza sebule na ua. Soipan alitoka chumbani na gauni lake, shingo wazi. Alipiga magoti kwenye lile zulia, Waruguru akamsogelea kwa karibu ili asikose neno, na Felix akazima simu yake.

Nailantei aliomba. Aliomba kirefu, na kila alipopumzika wanawake wa Bissil waliitikia "Naai," na wale wa Waruguru wakajifunza haraka, nao wakaitikia. Kisha alimshika mjukuu wake kichwa, akakusanya mate, na akasita.

Aligeuza uso akamtafuta Naeku kati ya watu mpaka akampata. Hakuwa na uchungu usoni, wala hakuwa anamkomoa. Aliuliza kwa adabu, kwa Kiswahili, kama mgeni anayeuliza viatu aviache wapi.

"Niteme?"

Chumba kizima kilimgeukia Naeku.

"Tema, yeyo," alisema.

Nailantei akatema, Soipan akabarikiwa, vigelegele vikapigwa, na harusi ikawa nzuri, watu wanaizungumzia mpaka leo. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kike. Nailantei huja Kitengela kumwona kila akipata mtu wa kumwachia mbuzi. Humpakata, humwimbia, na akitaka kumbariki humgeukia Naeku kwanza, amuulize. Naeku amemwambia mara nyingi kwamba asiulize, hapa ni kwake, afanye tu. Nailantei husema sawa. Na akija tena, huuliza.